Una leseni ya bastola na mafunzo umemaliza. Nyumbani unafanya mazoezi vipi? (Tabora na jirani zetu wa Kigoma)

Mrina Asali (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niko Tabora mjini, shughuli yangu ni kununua asali na nta vijijini huko Sikonge na kuzileta mjini. Nina leseni ya bastola, na nimepitia mafunzo ya kujihami kwa wakufunzi wanaoijua kazi yao.

Uzi huu ni kwa wenye leseni na walio kwenye foleni ya kuiomba kihalali. Mwenye chuma kisicho na karatasi akipeleke kituo cha polisi. Serikali imeshatangaza zaidi ya mara moja vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na gobore la urithi wa babu nalo linahesabika.

Kilichonifanya niandike ni wenzangu kwenye biashara. Mnunuzi wa tumbaku Urambo, mwenye kituo cha mafuta, wakala mkubwa wa miamala, mwenye mabasi: wote hawa wanazunguka na fedha na wengine wameomba silaha kwa sababu hiyo. Mtu anahangaika na maombi kuanzia serikali ya mtaa, kamati za ulinzi na usalama, polisi wilaya, polisi mkoa. Anaipata. Anaenda mafunzo mara moja. Kisha inalala kabatini mpaka siku ya shari, na siku hiyo anaitoa kwa mikono ambayo haijaigusa muda mrefu, gizani, mke analia, mbwa anabweka.

Ninachosema ni hiki: mafunzo ya siku mbili tatu hayakai mwilini yenyewe. Yanakaa kwa mazoezi makavu ya nyumbani, yaani bastola tupu, hakuna risasi hata moja chumbani, dakika chache, mara kwa mara. Na mazoezi hayohayo yakifanywa ovyo ndiyo yanayompiga mtoto aliyelala chumba cha pili. Kwa hiyo utaratibu wa usalama mimi nauhesabu kuwa ustadi wa kwanza, shabaha inafuata nyuma yake.

Nianze na mafunzo yenyewe, maana wengi wakisikia neno hilo wanafikiria kupiga makopo. Sehemu kubwa ya siku ya kwanza hatukugusa risasi. Tulirudia kanuni nne mpaka zikatutoka mdomoni bila kufikiri. Kanuni hizo zinafundishwa karibu kila mahali, na aliyezipanga hivyo ni Mmarekani Jeff Cooper, aliyefungua shule yake ya bastola Arizona mwaka 1976, ile inayoitwa Gunsite hadi leo. Kila silaha ichukulie kuwa ina risasi. Usiuelekeze mtutu kwenye kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga mpaka saiti (vilengeo vya juu ya bastola) ziwe juu ya shabaha na umeshaamua. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake.

Hiyo ya nne ndiyo inayotuhusu sana sisi. Nyumba za Ng'ambo, Isevya na Kachoma zimebanana. Mlango wa mbao, dirisha la wavu, uani kuna choo na jiko, na nyuma ya ukuta kuna familia nyingine na wapangaji wao. Risasi ya milimita 9 inatoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 350 kwa sekunde. Mlango, dari la jipsamu na bati haviizuii, na ukuta wa udongo usiutegemee.

Kuna jambo jingine la huku kwetu ambalo mkufunzi anayetoka mbali halifikirii. Sungusungu walianzia pande hizi, Nzega na Kahama, mwaka 1981 na 1982, na vijijini mwano (yowe la kuita msaada) ukipigwa usiku watu wanatoka mpaka leo. Wanatoka na mapanga, pinde, tochi, wengine vifua wazi. Hata mjini ukipiga yowe majirani wanakuja mbio. Sasa fikiria: umepiga yowe, dakika mbili zimepita, unaona mtu mwenye panga anaruka uzio wako. Huyo ana uwezekano mkubwa wa kuwa baba wa nyumba ya pili anayekuja kukuokoa. Mafunzo yasiyokufundisha kutambua uso kwanza, kwa tochi na kwa sauti, yatakufanya umuue jirani yako.

Na usidhani kwamba ukilenga utapata. Jiji la New York liliwahi kuomba taasisi ya RAND ichunguze mafunzo ya silaha ya polisi wake, ripoti ikatoka 2008. Kati ya 1998 na 2006, katika matukio ya kurushiana risasi, polisi walipiga walichokilenga kwa asilimia 18 tu ya risasi zao. Mtuhumiwa asipojibu kwa risasi ilikuwa asilimia 30. Hao ni watu ambao silaha ni kazi yao ya kila siku. Zile nyingine zote ziliishia ukutani, kwenye gari, barabarani. Hofu inabana macho unaona kama uko ndani ya bomba, masikio yanaziba, vidole vinakuwa vizito. Kitakachofanya kazi muda huo ni kile tu ambacho mikono imekizoea.

Sasa nyumbani. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Nachagua chumba kimoja na ukuta mmoja, siku zote huohuo. Kwangu ni ukuta wa nje wa tofali za kuchoma, upande wa pili ni kichaka cha miembe na hapajengwi. Mbele ya ukuta huo nimepanga mifuko ya mchanga mpaka usawa wa kifua, na shabaha ni karatasi ndogo iliyobandikwa hapo katikati. Ukuta wa chumba cha watoto, ukuta wa jirani, kioo na televisheni havilengwi kamwe.

Kabla sijaingia humo, natoa risasi. Mpangilio wa kutoa una maana kubwa: magazini (kasha la risasi) kwanza, slaidi (sehemu ya juu inayovutwa nyuma) baadaye. Ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu) palepale, kisha unachomoa magazini ukiamini iko tupu. Ajali nyingi za "nilijua haina risasi" zinatokea hapo. Nikishatoa, naangalia chemba kwa macho, kisha naingiza kidole kidogo nipapase, maana umeme wetu mnaujua. Nageuka, nikigeuka tena naangalia upya. Risasi zote na magazini zenye risasi zinafungiwa kwenye sefu chumba kingine, ufunguo mfukoni.

Ndipo naingia. Nasimama, nashika kwa mikono miwili, naiweka saiti ya mbele kwenye karatasi, nabonyeza triga polepole nikiitazama saiti isicheze. Kwa bastola nyingi za kisasa itabidi uvute slaidi kila baada ya kubonyeza ili triga irudi, ni sawa, hiyo nayo ni sehemu ya zoezi. Baadaye naongeza kutoa kwenye ala, taratibu kabisa, nikiangalia kidole kiko wapi katika kila hatua. Kasi siitafuti, inakuja yenyewe. Kama robo saa hivi, akili ikianza kutangatanga naacha hata kama muda haujaisha.

Kumaliza ndiko kwenye hatari kuliko kuanza. Nikimaliza nasema kwa sauti, "Mazoezi yamekwisha." Silaha inatoka chumbani, karatasi inabanduliwa ukutani. Hakuna "ngoja nirudie moja tu". Ile moja tu, baada ya risasi kurudishwa, ndiyo inayotoboa kuta duniani kote.

Karibuni tujadili, hasa walio Kigoma, maana mambo yenu ya barabarani na ziwani yanatofautiana na yetu.

Mwisho wa Reli (Kigoma)

Asante sana mkuu, uzi huu umechelewa kuja. Mimi nafanya biashara ya dagaa, nachukua mzigo Kibirizi napeleka Kasulu na Kibondo. Tuliokulia huku tunaikumbuka hali ilivyokuwa: mabasi yakisindikizwa na askari kwa sababu ya watekaji, silaha za vita za nchi jirani zikivuka mpaka. Leo afadhali, lami imefika sehemu kubwa na njia imechangamka, lakini hofu haijatutoka wote.

Swali langu: mafunzo uliyopata yanasemaje ukikuta magogo barabarani na watu wana SMG? Maana mimi nilikuwa kwenye hatua za kuomba leseni kwa sababu hiyo hasa.

Mrina Asali

Kaka, nitakujibu kama mkufunzi alivyotujibu. Bastola haipambani na bunduki ya vita kwenye mtego uliotegwa. Aliyetega kachagua mahali, kachagua muda, ameshakulenga kabla hujamwona, na wako zaidi ya mmoja. Ukichomoa bastola ndani ya basi unawafanya wamimine risasi kwenye viti vyenye kina mama na watoto. Pale unatoa fedha, unatoa simu, unainamisha kichwa. Fedha za dagaa utazitafuta tena.

Kama hofu yako ni barabara peke yake, mimi ningekushauri fedha zipite kwenye simu au benki, usisafiri usiku, na usimwambie kila mtu pale stendi unabeba nini. Leseni iombe kama una sababu nyingine ya msingi.

Kuna jaribio moja linalosaidia kuelewa umbali. Mwaka 1983 Dennis Tueller, sajenti wa polisi wa Salt Lake City huko Marekani, aliandika kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani kama mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi. Ni takriban muda uleule ambao mtu aliyefunzwa anahitaji kuchomoa na kufyatua. Pima mita hizo sebuleni kwako: katika nyumba nyingi ni kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Kwa hiyo mtu akishaingia ndani, bastola iliyo kiunoni imeshachelewa nusu yake, iliyo kabatini ndiyo kabisa. Komeo imara, mbwa na taa ya uani vinakununulia sekunde ambazo bastola haiwezi kukupa.

Afande Mstaafu

Vijana salaam. Nimetumikia, nimefundisha kuruti kulenga shabaha kwa miaka mingi, sasa niko kwangu Kigoma napumzika. Mleta uzi ameandika mambo ya maana lakini hapa kwenye mazoezi ya nyumbani sikubaliani naye hata kidogo.

Silaha inafundishwa uwanjani. Pale kuna mkufunzi, kuna amri, kuna tuta la udongo, kuna mtu anayekagua chemba yako baada yako. Nyumbani hakuna hata kimoja. Raia anakunywa bia mbili, anaangalia video, anasimama mbele ya kioo kujiona. Mtoto anafungua mlango. Nimeona silaha "tupu" zikilia ndani ya kambi yenye nidhamu, sembuse sebuleni. Mwenye leseni aende uwanja wa shabaha anapopata nafasi, siku nyingine silaha ikae imefungwa. Basi.

Mrina Asali

Shikamoo afande. Naheshimu sana ulichosema, na hayo ya bia na kioo nayasimamia pamoja nawe.

Lakini nikuulize kwa heshima. Kuruti wako uliwapa risasi siku ya kwanza? Naamini walishika bunduki tupu muda mrefu, wakajifunza kulala, kulenga, kubana pumzi, kubonyeza, kabla hawajasikia mlio. Hayo ndiyo mazoezi makavu. Sisi raia wa Tabora uwanja uko mbali, risasi zinanunuliwa kwa kibali na zinahesabiwa, bei nayo si mchezo. Mtu huyu asiposhika bastola yake tupu nyumbani, ataishika lini? Ataishika siku ya jambazi. Mimi naiona hatari hiyo kubwa zaidi, kwa sababu risasi zitakuwemo na hatakumbuka hata sefti (kizuizi cha kufyatua) iko upande gani.

Afande Mstaafu

Marahaba kijana. Hapo umenijibu vizuri. Ni kweli, kuruti analala na bunduki tupu wiki na wiki kabla ya risasi.

Basi niweke masharti yangu. Moja, mwenye nyumba mwingine, mke au ndugu mzima, ajue kwamba sasa hivi unafanya mazoezi, na watoto wawe nje ya nyumba, si chumba cha pili. Mbili, ukiwa umekunywa, umegombana na mtu, au una usingizi, hakuna mazoezi. Tatu, umeme ukikatika unaiweka chini hapohapo, mtutu ukutani, unatafuta taa kwanza. Unapapasa meza, unapapasa taa, hupapasi silaha.

Na kwa sababu nimeshakubali, niwaongezee zoezi tulilotumia. Weka sarafu ya shilingi mia, au ganda tupu la risasi, juu ya slaidi karibu na saiti ya mbele. Bonyeza triga. Sarafu ikianguka, mkono wako umevuta au umesukuma, na kwa umbali wa mita kumi ungekuwa umeikosa shabaha. Endelea mpaka isianguke. Hilo zoezi linafundisha zaidi ya boksi zima la risasi kwa mtu anayeshtuka kabla ya mlio.

Bint Isevya

Jamani naomba nami niulize, msinicheke. Mume wangu ana bastola ya leseni. Mafunzo alienda yeye. Mimi sijui hata inashikwaje, ila najua iko wapi: juu ya kabati, kwenye soksi. Watoto wetu mkubwa ana miaka tisa, na dada wa kazi anasafisha chumba kila siku. Nikimwambia mume wangu ananijibu "haina risasi chemba". Je, hiyo inatosha? Na mimi nijifunze au nikae mbali nayo?

Mrina Asali

Dada yangu, hakuna wa kukucheka. Swali lako ndilo zito kuliko yote humu.

Haitoshi. Mtoto wa miaka tisa ana nguvu ya kuvuta slaidi, au ya kubonyeza mpaka iruhusu. Na dada wa kazi anaijua soksi hiyo siku nyingi, niamini. Wengine wanaijua kupitia kwake. Silaha inakaa ndani ya sefu ya chuma iliyofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, si ile ndogo inayobebeka kama begi. Kama sefu kubwa ni gharama, hapo mjini mafundi wa kuchomelea wanatengeneza sanduku la chuma zito lenye kufuli la ndani, mpe vipimo. Risasi kwenye sehemu nyingine yenye ufunguo wake.

Watoto wafundishwe maneno machache tu, na wayaseme mpaka wayakariri: ukiiona usiiguse, toka chumbani, mwite mtu mzima. Kuwaficha hakusaidii, wakiikuta kwa mwenzao hawatajua la kufanya.

Msomi wa Sheria

Naongezea kwa Bint Isevya. Leseni inatolewa kwa mtu, si kwa familia. Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, silaha ni dhamana ya aliyepewa leseni. Kwa hiyo kukuazima, kukuachia uende nayo sokoni, au wewe kufanya nayo mazoezi peke yako wakati mumeo yuko safarini, vyote vinawaweka pabaya nyote wawili. Ukitaka kuwa mtumiaji, omba kwa jina lako na upitie mafunzo yako. Lakini kumtaka mumeo aifungie na kuhakikisha anafanya hivyo, hiyo ni haki yako kama mama wa nyumba. Ikipotea au ikiibwa, taarifa polisi bila kuchelewa.

Na kwa wote, someni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vinavyofuata, 18A hadi 18C. Unayo haki ya kujilinda, kumlinda mwingine, na kulinda mali. Lakini 18B inasema utumie nguvu ya kadiri inayohitajika kwa ulinzi huo, na ukizidisha ukasababisha kifo, unashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Mwizi aliyekwapua redio na anakimbia kukupa mgongo hakuwekei tena maisha hatarini. Ukimpiga risasi pale, utaeleza mahakamani hofu yako ilikuwa ya nini wakati mtu alikuwa anaondoka.

Kijana wa Cheyo

Maswali yangu mawili. Kwanza, vipi kupiga moja hewani kuwatisha? Wazee wetu ndivyo wanavyofanya. Pili, nimeona mtandaoni bastola za mazoezi zinazotoa mwanga wa leza badala ya risasi, na zile za plastiki. Naweza kuagiza nikafanyia mazoezi hata kabla ya leseni?

Mrina Asali

La kwanza: risasi ya hewani inashuka, mdogo wangu. Inashuka juu ya bati la mtu, na chini ya bati kuna kitanda. Mkufunzi alituambia kila risasi inayotoka ina jina lako juu yake mpaka isimame. Na kama hatari si kubwa kiasi cha kukufanya umpige mtu, basi silaha haikupaswa kutoka kwenye ala. Piga kelele, washa taa zote, washa king'ora cha gari, piga 112. Sauti inawatawanya wezi wengi kuliko unavyodhani.

La pili: zile za leza zipo kweli na ni nzuri kwa mazoezi, zinakuonyesha palepale mkono ulipoyumba. Lakini bastola bandia huku kwetu imetumika kwenye ujambazi, na askari akikuona nayo usiku hawezi kujua kama ni ya plastiki. Kabla ya kuagiza chochote kinachofanana na bastola nenda ofisi ya silaha polisi mkoa, uliza, upate jibu la mwenye mamlaka. Na hata ukiruhusiwa, itendee kama ya kweli kwa kanuni zilezile nne. Mkono hautofautishi, ukizoea kuchezea ya plastiki, siku moja utaichezea ya chuma.

Mwalimu Gungu

Niongezee la afya, halizungumzwi. Mlio wa bastola unazidi desibeli 140, na hapo sikio linaweza kuumia moja kwa moja kwa mlio mmoja. Chumbani ni mbaya zaidi kwa sababu sauti inagonga kuta na kurudi. Ukienda uwanjani vaa vizibo na juu yake viziba masikio vile vya kichwani, pamoja na miwani. Pamba ya masikioni haisaidii kitu. Baada ya kupiga risasi nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, risasi zina madini ya ledi (lead), ambayo ni sumu. Nguo za uwanjani usimbebee nazo mtoto mchanga.

Mwisho wa Reli

Asante mwalimu. Mkuu Mrina, nimekuelewa kuhusu barabara, ombi langu nimelisimamisha kwanza nitafakari. Ila nyumbani je? Tuseme tayari wanavunja mlango, mwenye nyumba ana leseni na amejifunza. Anafanya nini? Anatoka kuwatafuta?

Mrina Asali

Hatoki. Hili tulilifanyia zoezi kuliko kuchomoa. Usiizunguke nyumba yako gizani kutafuta watu. Kila kona unayogeuka yeye anakusubiri akiwa ametulia. Kusanya familia chumba kimoja mlichokubaliana mapema, chenye mlango mzito na komeo kubwa. Watoto walale chini upande wa mbali na mlango. Mke anapiga 112 na kumpigia balozi au jirani, anataja nyumba na kusema wazi: "Tuko chumba cha nyuma, mume wangu ana silaha ya leseni." Maneno hayo yatakuokoa usipigwe na polisi au na majirani. Wewe unakaa nyuma ya kitanda au kabati, mtutu kwenye mlango, kidole nje ya triga, unasema kwa sauti kubwa kwamba una silaha na polisi wanakuja. Wakichukua televisheni wakaondoka, umeshinda. Wakivunja mlango huo wa pili wakiwa wamejua kuna watu ndani na kuna silaha, hapo ndipo ile sheria ya Msomi inapoanza kukuhusu.

Fanyeni zoezi hilo na familia bila silaha kabisa. Nani anambeba mdogo, nani anafunga komeo, simu iko wapi, tochi iko wapi. Kwa nyumba za kupanga zenye korido moja, pangeni na wapangaji wenzenu pia, mkubaliane neno la kuitana ili mtu akibisha mlango mjue ni wenu.

Bint Isevya

Hili la chumba kimoja tumeliongea usiku wa leo na mume wangu, amesoma uzi wote kwenye simu yangu. Anauliza, yake ni ile ya silinda ya kuzungusha, si ya magazini. Utaratibu ni uleule?

Afande Mstaafu

Mwambie ni rahisi zaidi kukagua. Anafungua silinda, anauelekeza mtutu juu, anasukuma kitoa maganda, risasi zote zinadondokea mkononi. Anazihesabu: silinda ya matundu sita zitoke sita, ya matundu matano zitoke tano. Kisha anatazama kila tundu, akilizungusha kwa kidole. Kama ni ya kalibari ndogo ya .22, asibonyeze triga ikiwa tupu bila risasi bandia za mazoezi, pini itagonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Za kalibari kubwa nyingi zinavumilia, ila asome kitabu chake.

Na ile soksi aitoe juu ya kabati leo.

Bint Isevya

Ameshaitoa, afande. Asubuhi anaenda kwa fundi wa kuchomelea. Anauliza sanduku litoshe na nyaraka za leseni au zikae kando?

Msomi wa Sheria

Nakala ziwe kando, nyumbani kwa mtu mnayemwamini au kwenye faili lingine lililofungwa. Halisi zikae naye anapotoka na silaha, akisimamishwa na askari ndizo zitakazoulizwa kwanza. Namba ya silaha aiandike mahali pengine pia, ikiibwa mtaihitaji kituoni siku hiyohiyo.